Dakika sawa, maswali si sawa: kisa cha mdahalo wa wadi hapa Nakuru

Kisa hiki ni cha Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 9. Kilitokea kwa stesheni moja ndogo ya redio hapa Nakuru, ile ya Kiswahili yenye husikika kwa vinyozi na kwa matatu za kuenda Kaptembwo. Waliita wagombea wanne wa kiti cha MCA, yaani mwakilishi kwa bunge la kaunti, wa wadi moja ya Nakuru Town West, saa nzima hewani, mtangazaji mmoja, na mwisho simu za wasikilizaji. Mmoja wa hao wanne alitoka studio akiwa amekasirika, akaandika barua ya malalamiko, na kuanzia hapo mtaa ukagawanyika vile tumezoea, wengine wanasema alionewa, wengine wanasema ameona anaanguka ndiyo maana analia mapema. Nimesikiza rekodi yote mwanzo mwisho na nimeongea na pande zote mbili. Majina sitaji, ya watu wala ya stesheni, na kabila nitataja moja tu. Hiyo moja naitaja kwa sababu ndiyo pekee ilitajwa hewani, na hapo ndipo kisa chenyewe kiko.

Tuanze na maswali. Mgombea wa kwanza aliulizwa mitaro ya nyuma ya soko, kwamba mvua ikinyesha maji yanaingia kwa vibanda, ataifungua na pesa gani. Alijibu vibaya kabisa, akasema ataongea na gavana. Mtangazaji akamkazia, hiyo pesa iko kwa bajeti ama haiko, jamaa akaanza kuzunguka mbuyu. Safi sana, hiyo ndiyo kazi ya redio. Wa pili, mwanamke, aliulizwa basari za wadi, ile pesa ya kusaidia watoto na karo, kwa nini majina ya watoto waliopata hayabandikwi mahali mzazi anaweza kuona, na kusema ukweli alijibu vizuri kuliko wote. Wa tatu aliulizwa taa za barabarani na vijana wa boda wanaoporwa usiku.

Halafu ikafika zamu ya wa nne. Naandika vile ilisemwa: "Sasa ndugu yangu, wewe ni Mluhya, mtu wa kutoka Magharibi. Watu wa hapa wanajiuliza, tukikupa hii kiti, si basari zote zitaenda kwa watu wenu?"

Jamaa amezaliwa Nakuru. Babake alikuja kwa kazi ya reli, yeye akasoma hapa, akaoa hapa, ana hadiwea ndogo hapa na amekuwa akipiga kura hapa tangu apate kitambulisho. Akaanza kueleza hayo yote, polepole, kwa heshima, na ukisikiza unaona dakika zinaisha tu. Mtangazaji hakumwachilia. Akamuuliza kama ana shamba nyumbani, jamaa akasema iko ya familia, kidogo. Kisha akamuuliza, "Na mzee alizikwa wapi?" Jamaa akanyamaza kidogo, akasema, "Vihiga," yaani huko huko Magharibi. Mtangazaji akasema, "Ahaa."

Hiyo "ahaa" ndiyo ilikatwa ikawa klipu. Sekunde chache tu, swali, Vihiga, ahaa, na kufikia jioni ilikuwa kwa kila grupu ya WhatsApp ya mtaa. Mambo yote mengine yaliyosemwa kwa saa nzima hakuna mtu anayakumbuka, hata lile jibu zuri la basari.

Wa nne alipomaliza kujitetea alikuwa amebaki na dakika kama tatu kati ya kumi na mbili. Ndani ya hizo tatu akajaribu kupitisha mpango wake wa choo cha soko na maji, akikimbia kama mtu anasoma tangazo la dawa, na kengele ikalia.

Sasa barua. Yeye aliandika kwamba alibaguliwa kwa kabila lake na akataka stesheni imrudishe hewani ama isome marekebisho. Stesheni ikajibu kwa barua fupi yenye hoja tatu: kwamba kila mgombea alipewa dakika kumi na mbili na wana rekodi ya kuonyesha, kwamba swali halikuwa la mtangazaji bali lilitumwa na wasikilizaji, na kwamba redio kazi yake ni kuuliza kile watu wanasema mtaani, si kujifanya hawakisemi.

Hoja ya dakika ndiyo ilishika mtaani, na naelewa kwa nini. Saa haidanganyi. Ukiambiwa kila mtu alipewa kumi na mbili unaona basi, haki imetendeka, huyu ni msumbufu. Lakini dakika ni chombo tu, cha muhimu ni kile kinapakiwa ndani. Watatu walipewa dakika kumi na mbili za kuomba kazi, na mmoja akapewa kumi na mbili za kuomba ruhusa ya kuomba kazi. Na wale watatu hawakuwa na kabila saa nzima. Walikuwa wananchi tu, watu wa mitaro, basari na taa. Ukitoka nje ya hiyo studio unajua vizuri wote wana kabila, wana shamba mahali na wana makaburi mahali, na kwa taarifa yenu babake yule wa kwanza pia amezikwa kaunti nyingine kabisa. Hakuna mtu alimuuliza. Mimi mwenyewe nilijua tu kwa sababu alikuwa anasema kwa mikutano yake bila shida, kwani iko shida gani.

Hapa lazima niseme kuhusu Nakuru kwa wenye hawaijui. Huu mji ulikua na reli, halafu na mashamba makubwa ya walowezi yaliyovuta vibarua kutoka kila upande, baada ya uhuru ikaja skimu za kugawa ardhi na kampuni za kununua mashamba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 kwa kaunti nzima na nenda Kaptembwo ama Rhonda asubuhi uone kama utamaliza kuhesabu lugha kabla ufike steji. Watu wengi wa hapa wanazaliana hapa na kuzikana kwingine, ni mambo ya mila na bei ya ploti. Kwa hivyo kaburi likiwa ndiyo kitambulisho cha mwenyeji, mji utabaki na wenyeji wachache sana, na hao wachache bado watabishana.

Na swali la "wewe ni wa wapi" hapa halijawahi kuwa salamu tu. Lilikuwa mdomoni wakati wa mapigano ya kikabila ya 1992 kule Molo, likarudi Njoro mapema 1998, likarudi Januari 2008 ndani ya mji wenyewe, Kaptembwo ikiwemo, mpaka uwanja wa maonyesho ukajaa mahema ya wakimbizi. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima baada ya ule uchaguzi wa 2007. Watu wenye walikuwa watoto wakati huo sasa ni wapiga kura na wengine ni watangazaji. Mwezi Januari 2022, miezi sita tu kabla ya huu mdahalo, Mithika Linturi, wakati huo seneta wa Meru, alikamatwa kwa kusema "madoadoa", neno la kuita watu wa jamii nyingine kama uchafu wa kuondolewa, kwa mkutano wa Eldoret, na korti iliyomuona ilikuwa hapa hapa Nakuru. Kwa hivyo hakuna mtangazaji wa Nakuru anaweza kusema hakujua anashika nini.

Lakini wacha nisimpake mtangazaji matope yote, kwa sababu stesheni ina hoja moja nzito, ile ya tatu. Hofu ya basari ni ya kweli. Watu wanaamini MCA akiingia anaangalia jamii yake kwanza, na mara nyingi wameona ikifanyika na macho yao. Na wa nne naye si malaika, kampeni yake ilikuwa na vikundi vya Waluhya vinakutana Jumapili baada ya kanisa, anawasalimia kwa lugha ya mama na kuwaambia kura zao zisigawanyike. Kusema zisigawanyike ni siasa, sioni dhambi, wote wanne walikuwa wanafanya hivyo kwa vikundi vyao. Tena hiyo ndiyo sababu swali lilikuwa halali. Mwenye anatafuta kura kwa jamii aulizwe atatumikia jamii gani. Shida ni kwamba wenye wanatafuta kura kwa jamii walikuwa wanne na mwenye aliulizwa ni mmoja.

Mdahalo wa urais wa Februari 2013, ule wa kwanza kabisa Kenya, ulianza na mambo ya ukabila, na swali likazunguka wagombea wote, wakubwa kwa wadogo. Wengine walijibu kwa ujanja, lakini hakuna mmoja aliyesimamishwa peke yake kama mwenye kabila huku wengine wanatazama. Hiyo ndiyo njia. Uliza kabila upendavyo, lakini uliza meza yote.

Hoja ya pili ya stesheni, kwamba swali lilitoka kwa wasikilizaji, hiyo siipi uzito. Prodyusa aliniambia mwenyewe zilikuja meseji nyingi kupita zenye zingesomwa. Maana yake kuna mtu alichagua. Kati ya hizo meseji lazima kulikuwa na za mitaro, za choo, za maji, na kwa huyu mmoja ikachaguliwa ya kabila. Meseji ikishasomwa na mtangazaji kwa sauti yake, na yeye akaongeza la shamba na la kaburi juu yake, hiyo si ya msikilizaji tena.

Sheria inasemaje? Watu wengi mtaani waliruka moja kwa moja kwa matamshi ya chuki, wakataka NCIC, ile tume ya uwiano wa kitaifa, ije. Mimi naona hapo walipotea. Kifungu cha 13 cha sheria ya uwiano ya 2008 kinaadhibu matamshi ya vitisho, matusi ama dharau yenye yanakusudia kuchochea chuki ya kikabila ama, kwa hali ilivyo, yanaweza kuichochea, na faini yake inafika milioni moja ama jela miaka mitatu, ama zote. Kumuuliza mtu babake alizikwa wapi ni ufidhuli lakini hakufiki huko. Ukiita kila ufidhuli chuki, siku chuki yenyewe ikija utakosa jina la kuiita.

Wengine walitaja Katiba kifungu cha 34, kwamba vyombo vya habari vipeane nafasi ya haki kwa maoni tofauti. Ni kweli kimeandikwa, lakini hiyo sehemu ya nne inazungumzia vyombo vya serikali, na hii ni stesheni ya mtu binafsi. Chenye kinaweza kushika hapa ni kifungu cha 27. Sehemu ya nne inakataza serikali kubagua kwa misingi kama kabila, dini, jinsia na kadhalika, halafu sehemu ya tano, yenye watu husahau, inasema hata mtu binafsi asimbague mwingine kwa misingi hiyo hiyo, moja kwa moja ama kwa njia ya kuzunguka. Mtu binafsi ni pamoja na kampuni ya redio. Tena kuna cha 35, kinachompa mtu haki ya kutaka habari ya uongo ama ya kupotosha kumhusu irekebishwe. Na kuna maadili ya uandishi wa habari yaliyo ndani ya sheria ya Baraza la Habari ya 2013, yanataka haki na usahihi na nafasi ya kujibu, na Tume ya Malalamiko ya hilo Baraza inaweza kuamuru marekebisho na kuomba radhi bila kuenda korti. Hapo ndipo barua ya huyu jamaa ilifaa ielekezwe, na si kwa meneja wa stesheni peke yake.

Na kuhusu kama mtu wa Vihiga anaweza kuwa MCA Nakuru, hilo halina mjadala. Kifungu cha 193 kinataka uwe umejiandikisha kupiga kura, pamoja na masharti mengine ya elimu na maadili. Hakuna mahali kimeuliza kaburi. Kifungu cha 39 nacho kinampa kila raia haki ya kuishi popote Kenya.

Sasa sehemu yenye ilinisumbua kuliko zote. Jamaa alipolalamika, jibu la watu wengi, hata wenye wanampenda, lilikuwa: "Wacha kuleta ukabila." Yaani yeye ndiye alileta. Wazee wawili wa mtaa walimuita, wakamwambia kijana, hiyo maneno iache, tuko na amani hapa, ukiendelea utawashia watu moto na wa kwanza kuungua ni watu wako. Meneja naye aliniambia karibu kitu hicho hicho, kwamba hawezi kusoma marekebisho hewani kwa sababu itafukua mambo ya kabila na stesheni yake haitaki mambo hayo. Nikamuuliza, na mlipouliza kaburi? Akasema ile ilikuwa tu mazungumzo.

Hiyo hofu ya mameneja naielewa inatoka wapi. Kila mwenye redio Kenya anakumbuka mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, aliyefikishwa mahakama ya kimataifa ya ICC kule The Hague pamoja na William Ruto kwa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, kesi ikazimwa Aprili 2016 bila hukumu. Wanakumbuka pia Desemba 30, 2007 serikali ilivyopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na Januari 2018 stesheni za televisheni zilivyozimwa siku Raila Odinga alijiapisha kama "rais wa wananchi". Ukiwa na stesheni ndogo na mkopo wa benki unajifunza kukimbia neno kabila likitokea. Lakini angalia venye hofu imefanya kazi hapa. Kabila lilipotumika kumbana mtu lilipita kama mazungumzo tu, lilipotajwa na aliyebanwa likawa uchochezi. Mwenye alirusha jiwe hakuonekana, aliyesema ameumia ndiye akaambiwa anapiga kelele. Na kwa mji wenye historia kama yetu hii ni njia rahisi sana ya kunyamazisha watu wa jamii ndogo kwa wadi, unawaambia tu amani.

Yule mama naye, nisimsahau. Katikati ya jibu lake zuri la basari mtangazaji alimchomekea, "Na bwana yako amekubali hizi safari za usiku?" Akacheka, akasema bwana ndiye dereva, mambo yakaendelea. Nilipomuuliza baadaye aliniambia hilo swali anaulizwa kila mahali, angelalamika angeitwa mkali na hakuna mtu hupigia mwanamke mkali kura. Wanaume watatu kwa hiyo meza hawakuulizwa mabibi zao wanasemaje. Ni mlango mwingine wa nyumba ile ile.

Simu zilikuwa mbaya kidogo. Wa kwanza kupiga alikuwa mama mboga, akauliza swali bora la siku nzima: "Mwenye ataleta choo cha soko ni nani kati yenu, na mwezi gani?" Mtangazaji akamshukuru na kumkata kabla hawajajibu. Wa pili akasema watu wa kuja wasitawale wenye mji, akaachwa akamaliza, akaambiwa asante kwa maoni yako. Stesheni haina mashine ya kuchelewesha sauti, kwa hivyo kila kitu kinatoka kama kilivyo. Jambo lingine la haraka: wagombea wawili kati ya hao wanne walikuwa wamelipia matangazo kwa stesheni hiyo hiyo wiki hiyo, na hakuna mtu aliwaambia wasikilizaji kabla mdahalo kuanza.

Ningekuwa mtangazaji, hofu ya basari ningeiuliza hivi, kwa wote wanne: majina ya watoto waliopata utayabandika wapi, tarehe gani, na nani atakaa kwa kamati ya kuchagua? Hilo swali linashika mkabila yeyote, awe wa jamii kubwa ama ndogo, kwa sababu orodha ikiwa ukutani kila mtu anasoma majina ya pili mwenyewe. Tena sheria ya kupata habari ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba hiyo orodha, na ofisi ya umma inafaa kumjibu ndani ya siku 21, wakikataa anaenda kwa ofisi ya Ombudsman, yenye hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Msikilizaji angetoka na kitu cha kufanya. Kwa "ahaa" alitoka na klipu.

Jamaa alianguka. Alikuwa wa tatu, na hata bila huo mdahalo nadhani angeanguka, chama chake hakikuwa na wimbi hapa mwaka huo. Malalamiko hakuyapeleka kwa Baraza, wale wazee walimshinda. Stesheni haikuomba radhi, lakini prodyusa aliniambia kwamba kwa uchaguzi wa Agosti 2027 wanafikiria kuandika maswali kwenye karatasi, kuweka kwa kikopo, na kila mgombea anachota lake mbele ya wote, na swali lolote la jamii ama familia linaulizwa kwa wote ama haliulizwi. Nikamuuliza simu je. Akasema za simu bado, meneja anaogopa wakizichuja watu wataacha kusikiza, na masaa ya simu ndiyo yanaleta matangazo.